Muvi za madude makubwa: kwenye kava linabeba meli, ndani unaoneshwa mkia. Tumechoka kupigwa!

Wakuu habari za usiku, naandika nikiwa na hasira kwahiyo mwenye kusahihisha herufi apite uzi mwingine.

Mimi ni mlevi wa zile muvi za bei chee, mamba kama basi, papa wa vichwa viwili, nyoka anameza helikopta mzima mzima. Wife akiingia sebuleni nageuza haraka naweka taarifa ya habari, ila akitoka tu narudi kwa nyoka wangu. Sasa msije hapa kuniambia "si ulijua ni mbovu", ubovu ndo ninaoulipia jamani! Dude likiwa kama ndoo ya plastiki sawa, jua liko kushoto na kivuli nacho kiko kushoto sawa pia, hayo ndo mambo yetu. Ninachokataa ni kubaniwa dude lenyewe.

Jumamosi hapa Mabatini, Mwanza, kibanda umiza kimeandika ubaoni kwa chaki MAMBA MUUAJI IMETAFSIRIWA, pembeni kava, mamba kabeba meli mdomoni, maghorofa yanawaka moto. Jero nimetoa, nimekaa kwenye benchi, joto la kufa mtu. Muvi ikaanza, daktari wa koti jeupe anaangalia laptop anasema haiwezekani, anampigia simu mkubwa wa jeshi, mkubwa naye haiwezekani, wanakutana ofisini wote wawili wanaambiana haiwezekani, mpaka DJ anayetafsiri kaishiwa maneno akaanza kuwasalimia washkaji zake. Kuja kustuka, mkia ukapita kwenye maji. Wanajeshi wakapiga risasi hewani. Mkia ule ule, maji yale yale, tena. Kuna mwanajeshi kibonge kofia imemkaa upande, kakimbia kwenda kulia, kaliwa, baadaye kidogo huyo hapo anakimbia tena kwenda kulia na kofia yake ile ile upande!! Na mamba aliyekuwa sawa na kivuko, mwishoni stelingi kamfungia gereji.

Mzee mmoja anayeshinda pale soko la samaki Mwaloni akashindwa kuvumilia, "Bhabha, mkia tu? Sangara wetu anafika kilo 200 na unamwona mzima gete, kichwa mpaka mapezi." Kibanda kizima kikaangua kicheko, mwenye kibanda akaongeza sauti ya spika.

Najua kuna wajuaji watakuja na Jaws, ile muvi ya papa ya 1975, kwamba hata kule papa haonekani ovyo. Kule papa wa mashine alikuwa anaharibika kila mara kwenye maji ya chumvi, Spielberg aliyeiongoza akaona isiwe tabu, akacheza na muziki na kamera mpaka unaogopa maji matupu, na mwisho wa siku papa anatoka unamwona na meno yake. Hawa wenu hawafichi kitu, hawana cha kuficha.

Na msiniambie hela. Wajapani 1954 Godzilla walitaka kumtengeneza kwa mtindo wa King Kong wa 1933, ule wa kusogeza mdoli kidogo kidogo na kupiga picha moja moja, wakaona muda hautoshi. Wakamtumbukiza mtu, Haruo Nakajima, ndani ya vazi zito la karibu kilo 100, mataa ya studio yanamchoma, jasho linamtiririka, na akavunja Tokyo ya vijumba vya kuchezea tukaamini. Mtu kateseka ili mimi nione dude!

Hata wale The Asylum, kampuni ya muvi za bei chee ya Marekani, ambao 2007 walitoa Transmorphers mwaka ule ule wa Transformers ili ukichukua haraka haraka ukosee, nao kwenye hili wana afadhali. 2009 wakatoa papa anayeruka toka baharini mpaka mawinguni anadaka ndege ya abiria kwa meno. Picha yenyewe ya kompyuta mbovu kweli kweli, ila papa yupo na ndege ipo, akaja akalitafuna na daraja la Golden Gate. (Tangu wafungue daraja letu la Kigongo-Busisi 2025, zile kilomita 3, kila nikipita nawaza angeanzia nguzo ipi.)

Kila sekunde ya dude kwenye kompyuta ni gharama, hilo naelewa, ndo maana wanajaza maofisi na simu. Basi fanyeni muvi ya nusu saa! Nani kawalazimisha saa moja na nusu?

Na nyie wa maktaba za muvi mnaotujazia flashi, mnazijua hizi za mkia mtupu na bado mnasema "hii kali blaza, dude mwanzo mwisho". Nikirudi kulalamika unaniambia nichukue part two. PART TWO YA NINI wakati part one mamba hajafika?

Mwenye muvi ambayo dude linatoka mzima kabla ya nusu saa ashushe jina hapa chini, na dakika lilipotokea aandike. Wa kusema "mkia umetishia sana" asichangie.