Mazoezi ya mwili yawe somo lenye alama kwa wanafunzi wa udaktari wa Bukavu?

Mleta mada:

Ndugu zangu, kuna pendekezo linalozungumzwa siku hizi kati ya wanafunzi na walimu wa udaktari hapa Bukavu: saa mbili za mazoezi ya mwili ziingizwe kila wiki katika ratiba kama somo la lazima, zihesabiwe alama, na asiyefika apunguziwe kama aliyekosa maabara. Wanaolitetea wanasema kwamba daktari hawezi kumhimiza mgonjwa wa sukari atembee ilhali yeye mwenyewe anahema akifika ghorofa ya pili. Nia yao naiunga mkono kwa moyo wote, lakini alama hizo nazipinga, na naomba mnivumilie nieleze sababu.

Nianze na mwili wenyewe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate kwa wiki dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na siku mbili za kuimarisha misuli. Sasa tazameni mji wetu. Bukavu imekaa juu ya vilima, mita zipatazo 1,500 kutoka usawa wa bahari, na mwanafunzi aliyepanga chumba kule juu Kadutu hushuka asubuhi na kupanda jioni, begi mgongoni, mvua inyeshe isinyeshe. Akipanda kwa nusu saa tu, siku tano, dakika zake 150 zimetimia kabla hajasikia filimbi ya mwalimu wa michezo. Mwaka 1953 Jerry Morris na wenzake walionyesha kwamba makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London, waliopanda na kushuka ngazi kutwa, walipata ugonjwa wa moyo kwa kiasi kidogo kuliko madereva waliokaa kwenye usukani wa mabasi hayohayo. Ngazi zetu ni hivi vilima. Anayekosa mwendo hasa ni yule wa miaka ya mwisho anayelala jirani na hospitali, na huyo hana hata saa moja ya kwenda uwanjani.

Kwa maoni yangu, tunachokikosa zaidi ni usingizi. Mwaka jana, nikiwa katika zamu ya usiku iliyofuata siku nzima ya kazi wodini, nilisimama kando ya kitanda cha mtoto mwenye malaria kuandika maendeleo yake. Niliandika saa, nikaandika joto la mwili, nikaanza jina la dawa. Kisha kalamu ikateremka yenyewe na kuacha mstari mmoja wa wino wa buluu kutoka katikati ya ukurasa hadi ukingoni. Nilikuwa nimelala huku nimesimama. Muuguzi wa zamu, mama wa makamo, aliichukua kalamu mkononi mwangu bila neno, akasoma kipimo cha dawa mara mbili, akanisogezea kiti. Saa mbili asubuhi nilipaswa kueleza hali ya wagonjwa wote mbele ya daktari msimamizi, na mchana kulikuwa na somo.

Mwaka 1997 jarida la sayansi la Nature lilichapisha utafiti wa Dawson na Reid, ambao ulionyesha kwamba mtu akikesha kwa saa 17 utendaji wake hushuka sawa na wa mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe katika damu. Mwanafunzi anayenuka pombe tungemwondoa wodini mara moja, na tungefanya vizuri. Yule aliyekesha tunamwita mchapakazi na kumkabidhi sindano. Mtu wa hali hiyo, ukimwambia Jumatano saa tisa alasiri akimbie kuzunguka uwanja asije akapoteza alama, umemwongezea mtihani mmoja juu ya ile aliyo nayo.

Kuna jambo tunaloliongelea kwa sauti ya chini, nalo ni sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Mapitio ya tafiti kutoka nchi 47, yaliyochapishwa mwaka 2016 katika JAMA, jarida la udaktari la Marekani, yalikadiria kwamba asilimia 27.2 ya wanafunzi wa udaktari wana sonona au dalili zake, na kwamba kati ya waliokutwa na dalili hizo ni asilimia 15.7 tu waliotafuta tiba. Hao ni watu wanaozijua dalili kwa kichwa, kwa kuwa wamezifanyia mtihani. Waliosema mganga hajigangi waliliona hili zamani. Hapa mjini tunayo hospitali ya magonjwa ya akili, SOSAME, lakini niambieni kwa ukweli: ni nani kati yetu angekubali kuonwa na wenzake akiingia pale kama mgonjwa? Mazoezi hupunguza dalili za sonona na huleta usingizi mzuri, hilo halina ubishi, ila hayawezi kushika nafasi ya mtu wa kuzungumza naye.

Kwa hiyo naomba pendekezo liandikwe upya. Aliyekesha zamu aende kulala, asiitwe darasani siku hiyo. Alasiri moja ya wiki iachwe wazi kwa michezo bila alama yoyote. Na apatikane mshauri ambaye hasahihishi mitihani yetu wala haketi katika baraza linaloamua nani anarudia mwaka.

Daktari mstaafu:

Mwanangu, nimekusoma hadi mwisho na mstari wako wa wino umenigusa, maana nami nililala kwenye benchi za hospitali miaka mingi. Lakini tulivumilia, na mikono hiyohiyo ndiyo iliyowatibu wazazi wenu. Ukimpeleka mwanafunzi akalale, nani atabaki na mgonjwa katika wodi yenye daktari mmoja? Kuhusu alama, nimefundisha: kisichokuwa na alama hakihudhuriwi, hata kikiwa chema namna gani.

Mwanafunzi wa mwaka wa nne:

Kaka, hapa sikubaliani nawe. Kutoka alfajiri kukimbia barabarani peke yangu, katika hali hii ya usalama, siwezi, na nyumbani hawataniruhusu. Kilima ninachopanda kila jioni kinanichosha bila kuniburudisha, kwa sababu nakipanda haraka giza lisinikute njiani. Saa iliyopangwa na chuo, ndani ya uzio, pamoja na wenzangu, ndiyo pekee nitakayoipata. Ikiwa alama ndizo zitakazomzuia mwalimu kuweka somo la fidia juu ya saa hiyo, basi alama ziwepo.

Mleta mada:

Daktari, heshima yangu kwako. Mwaka 2017, mjini Chicago, Chama cha Madaktari Duniani kiliongeza katika Azimio la Geneva, yaani kiapo cha madaktari, ahadi ya daktari kuitunza afya yake mwenyewe ili aweze kutoa huduma ya kiwango cha juu. Ahadi hiyo tutaitamka siku ya kuhitimu. Naomba turuhusiwe kuianza kabla. Swali lako la nani atabaki na mgonjwa ni zito, na jibu langu ni kwamba mwanafunzi hakuwekwa pale kuziba pengo la daktari. Usiku ule mtoto yule aliokolewa na muuguzi aliyekuwa macho.

Dada yangu, wewe umenibadilisha. Nilihesabu dakika za kilima nikasahau giza na nikamsahau anayekipanda. Saa na iwe ya lazima, ndani ya uzio wa chuo, lakini ulazima uwe wa kitivo: lango lifunguliwe, mpira uwepo, na somo lolote litakalowekwa juu ya saa hiyo lihesabiwe kuwa halikufanyika. Daftari la mahudhurio nalikubali pia, mradi aliyetoka zamu asiandikwe kuwa mtoro. Alama bado nazikataa, kwa sababu anayeanguka mtihani wa kukimbia ndiye hasa aliyehitaji kukimbia bila kuogopa. Rasimu nitaiandika Jumapili na kuipitisha kwa viongozi wa madarasa; naomba wewe uandike kifungu cha uzio na usalama, nami nitaandika kile cha usingizi.