Methali za Wachina kuhusu binadamu, mbona zinapingana?

Mtoa mada
Wakuu habari za humu. Naomba mnisaidie hapa, nimekuwa nikifuatilia misemo ya Kichina inayohusu binadamu na nachanganyikiwa. Kuna mmoja unasema mtu akizaliwa asili yake ni njema, halafu upo mwingine eti mito na milima ni rahisi kuibadilisha kuliko tabia ya mtu. Sasa kama tumezaliwa wema na tabia haibadiliki, hawa watu wabaya wametoka wapi?? Na bado kuna ule wa utamjua mtu, utamjua uso, ila moyo hutaujua. Wenyewe wanaamini kipi hasa?

Fundi wa Kale
Mkuu, huo wa kwanza ndo unaofungua Sanzi Jing, kitabu cha maneno matatu matatu cha karne ya 13 ambacho watoto wa China walikikariri vizazi na vizazi. Shida watu wanaukatia hapohapo. Unaofuata unasema kwa asili watu wanakaribiana, mazoea ndo yanawaweka mbali, na hayo ni maneno ya Confucius mwenyewe, yule mwanafalsafa mkuu wa China ya kale, kisha kinasema mtoto asipofundishwa ile asili inageuka. Kwahiyo jibu lako la watu wabaya limo humohumo, ni malezi.

Na hapo hapo kinamleta mama yake Mencius, mwanafalsafa aliyefuata mafundisho ya Confucius. Walikaa karibu na makaburi, mtoto akawa anacheza mchezo wa kuzika watu, mama akahama. Wakaenda jirani na soko, mtoto akaanza kuigiza wachuuzi, akahama tena mpaka karibu na shule. Siku moja dogo karudi nyumbani, masomo hana habari nayo, mama alikuwa anafuma, akachukua kisu akakikata kile kitambaa katikati, akamwambia wewe kuacha kusoma ni sawa na mimi kukata hiki. Huwa nikifikiria kazi yote ile iliyopotea, naelewa kwa nini mtoto alishika vitabu.

Binti Pwani
Ndugu Fundi umesema vizuri ila umeegemea upande mmoja. Mencius alisema yeyote akiona mtoto mdogo anataka kutumbukia kisimani moyo lazima umshtuke, tena sio kwa kutafuta sifa wala kujipendekeza kwa wazazi wake, ndo ushahidi wake kwamba wema tunazaliwa nao. Akaja Xunzi karne ya 3 KK, naye ni mfuasi wa Confucius vilevile, akakataa kabisa, asili ya mtu ni mbaya na wema unatengenezwa, mti uliopinda mpaka upashwe mvuke na ubanwe ndo unyooke. Mimi niko na Xunzi. Na sisi si tunasema samaki mkunje angali mbichi?

Mzee Kijana
Mtoa mada, usizichukue zote kama imani. Ule wa mito na milima mtu anausema akishachoshwa na mwenzake anayerudia kosa lilelile. Na ule wa uso na moyo una nusu ya mbele, kwamba ukichora chui milia unachora ngozi tu, mifupa ni ngumu kuichora. Ni tahadhari, sio kwamba usimwamini mtu, maana upo na mwingine kwamba safari ndefu inaonyesha nguvu ya farasi, na siku zikipita moyo wa mtu utaonekana.

Mtoa mada
Asanteni sana aisee, nimepata mwanga. Dada Binti Pwani, swali moja tu, kama wote tumezaliwa wabaya, yule wa kwanza kabisa kufundisha wema aliutoa wapi?

Binti Pwani
Xunzi hilo analijibu kaka. Anasema mfinyanzi anapofinyanga chungu, kile chungu kinatoka kwenye kazi yake, hakitoki kwenye asili yake. Wenye hekima wa zamani nao walifikiri sana, wakajizoesha, ndo wakatunga taratibu za kuishi na watu. Kwangu mimi hoja hiyo inasimama, ila najua wa upande wa Mencius hawataikubali, Fundi karibu.