Programu za residensi (mafunzo ya udaktari bingwa) Marekani: kama hamtuchukui, acheni kutupiga saundi baada ya intavyu!

Wakuu salaam.

Naandika nikiwa na hasira na sitaki mtu aje kuniambia "tulia daktari, Mungu ana makusudi yake". Nimekaa kimya tangu Machi nikijiambia ntapoa, sijapoa, na wale wanaojiandaa kutuma maombi Septemba hii bora wayasikie haya sasa hivi kuliko kuyajua wakiwa wameshaliwa hela.

Kwa wasiojua mambo haya yanaendaje: ukitaka kusomea ubingwa Marekani, kwa fani nyingi unatuma maombi mtandaoni kwenye mfumo wa ERAS, unasubiri intavyu kuanzia Oktoba mpaka Januari hivi, siku hizi nyingi ni za Zoom, halafu unapanga listi yako ya programu kuanzia unayoitaka zaidi. Na wao wanapanga listi ya watu. Listi zote zinaenda NRMP, shirika linalosimamia ugawaji wa nafasi hizi, na kompyuta inagawa. Ichukulie kama selekisheni ya fomu faivu, una machaguo yako, ila huku na shule nayo ina machaguo yake. Mwaka 2025 dedilaini ya listi ilikuwa Machi 5 saa tatu usiku kwa saa za New York, kwetu Dar ilikuwa imeshaingia saa kumi na moja alfajiri ya tarehe 6. Jumatatu tarehe 17 unaambiwa umepata au umekosa, Ijumaa tarehe 21 ndio unaambiwa umepata wapi.

Tatizo langu mimi ni kile kipindi cha katikati, intavyu zimeisha na listi hazijafungwa. Hapo ndipo usanii wote unapofanyika.

Nilifanya intavyu na programu moja ya magonjwa ya ndani, siitaji. Intavyu nzuri, watu wacheshi, mkuu wa programu akaniuliza mpaka kazi ya wodini huku kwetu ikoje usiku ukiwa peke yako na wagonjwa wamejaa, tukaongea vizuri tu. Baada ya muda kidogo ikaja imeili yake yeye mwenyewe, sio ya mratibu, kwamba kamati imenipenda sana na kwamba wameniweka ndani ya idadi ya nafasi zao. Sio "tumevutiwa nawe", sio "tunakutakia kila la heri", hapana, ndani ya idadi ya nafasi zao. Nafasi zenyewe ni 14.

Sasa twende taratibu hapa maana ndio kiini cha uzi. Ile kompyuta inaanza na listi ya mwombaji. Inachukua chaguo lako la kwanza, inakupeleka pale, wanakushikilia, na hawakuachii mpaka nafasi zijae watu waliowapanga juu yako. Ukiwa namba 14 au juu yake kwenye listi ya programu yenye nafasi 14, watu wanaoweza kuwa juu yako hawazidi 13. Kumi na tatu! Hata waje wote, nafasi yako bado ipo. Kwa hiyo mtu aliyewekwa humo na akawapanga wao namba moja HAWEZI kukosa, hakuna bahati mbaya hapo wala "ushindani ulikuwa mkali". Mfumo huu unatumika hivi tangu 1998, Alvin Roth aliyeshiriki kuusuka upya alipata Nobel ya uchumi 2012 pamoja na Lloyd Shapley kwa kazi za aina hii hii, sio kitu cha kubahatisha.

Niliwapanga namba moja kwa sababu nilikuwa nawataka tangu siku ya intavyu, imeili au bila imeili. Tarehe 17 jioni nikafungua: sijapata popote.

Kwa hiyo mkuu wa programu alidanganya. Sitafuti lugha ya kistaarabu kwa hilo, hesabu inasema alidanganya.

Ikabidi niingie SOAP, ile ya kugombania nafasi zilizobaki, raundi nne zinaisha Alhamisi, na huko ni marufuku wewe mwombaji kuanza kuitafuta programu, unakaa na simu mkononi unasubiri wao ndio wakutafute. Hawakunitafuta. Yani wiki nzima ile nilikuwa naenda kazini naingia raundi wodini na simu iko kwenye mfuko wa koti imewekwa mtetemo, ikitetemeka natoka nje mbio nakuta ni mtandao wa simu unaniambia bando linakaribia kuisha.

Kilichonipandisha presha zaidi ni grupu letu la WhatsApp la waombaji wa Afrika Mashariki. Baada ya matokeo watu wanatoa ya moyoni, dada mmoja wa Nairobi akatupia skrinshoti ya imeili yake. Nikaisoma nikahisi nimeshawahi kuisoma. Nikafungua yangu nikaziweka pembeni. Neno kwa neno. Halafu akaja mwingine na ya kwake, ile ile. Na kwenye zote tatu jina la mpokeaji pale kwenye salamu lina fonti tofauti na barua yote, jina ni kubwa kidogo na limekolea, lililobaki ni dogo la kijivu. Yani alikuwa anakopi anapesti, anabadilisha jina tu, halafu hata kurekebisha fonti ameona ni kazi. Ndio thamani yetu hiyo wakuu.

Wanachopata wao ni nini? Jibu analijua kila aliyekaa karibu na hawa watu. Mkuu wa programu anapenda kutamba kwamba alijaza nafasi zake na watu wa juu kabisa kwenye listi bila kushuka mbali. Sasa akiwaambia watu wengi "wewe ni wetu", wengi watampandisha juu, na yeye atachagua kwa raha zake. Hesabu ya kompyuta inamlinda mwombaji ikiwa tu amepanga listi kwa moyo wake. Hizi imeili kazi yake ni kukuharibia huo moyo, ushushe programu uliyokuwa unaitaka umpandishe huyu anayekupiga saundi. Mimi nilikuwa nawataka kweli, je yule aliyewapandisha kwa sababu ya barua tu, akaishia kwao badala ya alikokuwa anapataka kuliko wao? Huyo hata kulalamika hawezi, si amepata!

NRMP wana kanuni, ndio. Programu hairuhusiwi kukuuliza utawapanga namba ngapi, hairuhusiwi kukulazimisha uwaandikie wala uende kuwatembelea tena. Safi. Lakini mimi nimepigiwa simu saa nne usiku, namba ya Marekani, mratibu wa programu nyingine kabisa, anacheka cheka, anauliza hali ya hewa ya Dar, mara "na sisi tutegemee kuwa juu juu kwenye listi yako eeh?" Nimjibu nini? Nikisema siruhusiwi kujibu, kesho anamwambia bosi wake huyu hatutaki. Nikisema ndio, nimesema uongo. Nimripoti? Mtu wa viza ya J-1 (ya wageni wanaoenda kwa mafunzo), nipo mwisho wa foleni tayari, mwaka 2025 madaktari wa nje wasio raia wa Marekani waliopata walikuwa asilimia 58.0 tu wakati wahitimu wapya wa vyuo vya udaktari (MD) vya kwao walikuwa 93.5, halafu mimi ndio nianze kuwa mshtaki? Na kuhusu maneno matamu, wanachokuambia ni kwamba usipange listi kwa kutegemea maneno ya programu. Aliyedanganywa ndio anapewa onyo!

Halafu kuna programu zinaandika kwenye tovuti kabisa "tafadhali usitutumie barua ya shukrani wala ya kusema sisi ni chaguo lako la kwanza", sawa tunatii, halafu unasikia kuna mtu kaandika na kajibiwa vizuri. Hapo ndipo wanapoingia wale matapeli wetu wa Telegram wanaouza templeti ya barua kwa dola, eti "barua iliyompa mtu nafasi Chicago". Nyie nanyi tutawafungulia uzi wenu.

Na msisahau hela. ERAS msimu wa 2025 programu 30 za kwanza zilikuwa dola 11 kila moja, zinazozidi hapo dola 30 kila moja. Ukituma 100 ilikuwa dola 2,430, kama milioni 6 hivi za kwetu, bado mitihani ya leseni ya udaktari ya kwao, USMLE, ambayo mmoja tu ulikuwa unazidi dola 1,000. Mtu kauza kiwanja cha Chanika, halafu unamtumia kopi pesti.

Kama hamna uhakika naye, kaeni kimya. Ukimya hauna gharama, hatujawahi kumlaumu mtu aliyekaa kimya.

NYONGEZA: wanaouliza kwa nini siitaji programu, kuna wenzetu wanatuma maombi pale pale msimu huu na sitaki wachomewe kwa ajili yangu. Na wewe unayesema "si ungeandika kuuliza kulikoni", niliandika, alijibu mratibu kwamba wananitakia mafanikio. Mwenye imeili ya msimu ulioisha Machi yenye ile sentensi ya "ndani ya idadi ya nafasi zetu" na fonti mbili mbili aje PM, ficheni namba na majina, tarehe ziacheni. Tuko watatu, tukizidi 14 tutaipeleka NRMP tukiwa pamoja, na hapo hesabu watajifanyia wenyewe.