Tupeane uzoefu: seva ya mafaili nyumbani, toleo jipya unaliwahi au unasubiri wenzako waumie kwanza?

Mzee wa Diski
Wakuu, habari za Jumapili. Jana nimefungua seva yangu nikakuta kikengele kinawaka: toleo jipya limetoka, nukta sifuri, yaani la kwanza kabla ya marekebisho, bado la moto. Mashine ni kompyuta ya ofisini ya mtumba, RAM giga 16, diski nne, mfumo wa TrueNAS wa kuendeshea seva za mafaili. Humo kuna picha za wanangu tangu chekechea na skani ya hati ya kiwanja. Watengenezaji wenyewe wanagawa watu mafungu: kuna wa kuwahi mapema, kuna wa kawaida, kuna wa kazi isiyotaka mchezo. Nimekaa na simu mkononi nusu saa nzima sijui mimi ni nani. Ninyi mko fungu gani, na yaliwahi kuwakuta yapi?

Fundi Redio
Nukta sifuri sigusi hata unishikie panga. Nasubiri nukta mbili.

mtaa_wa_saba
+1 kwa Fundi. Wajinga ndio waliwao.

Swahiba254
Wenye mlikuwa kwa hii mambo 2017 mtakumbuka Corral. Ile FreeNAS 10, FreeNAS ndiyo jina la zamani la TrueNAS. Ilitoka Machi, sura mpya kabisa, kila mtu anaimba sifa. Aprili, hata miezi miwili haijaisha, wenyewe wakasema hiyo sasa ihesabiwe ni ya majaribio tu, watu warudi 9.10. Na hapo haikuwa imeandikwa majaribio, ilikuwa imetolewa rasmi! Tangu siku hiyo neno "imara" kwangu ni kama "mayai ya kienyeji" kwa bango la sokoni. Nauliza kwanza, kisha nauliza tena.

Binti Kigamboni
Samahani kaka zangu, kusubiri nako kunalipiwa. Januari 2022 kile kirusi cha Deadbolt kilipowaingilia watu wenye seva za QNAP zilizoachwa wazi kwenye intaneti, mafaili yalifungwa na ukurasa unadai bitcoin 0.03. Miezi saba kabla, Juni 2021, wenye diski za mtandao za My Book Live waliamka wakakuta diski nyeupe, zimefutwa kwa mbali. Kile kifaa kilikuwa hakijapata sasisho tangu 2015. Hapo nani alikuwa salama, wa kale au wa kuwahi?

Fundi Redio
Dada hapo unachanganya mchele na chuya. Sasisho la usalama ni kitu kimoja, kuhamia toleo jipya zima ni kitu kingine. Na seva ya nyumbani inafanya nini wazi kwenye intaneti?

Binti Kigamboni
Inafanya kile ambacho mume wangu aliiambia ifanye ili aangalie mpira akiwa safarini. Usiniulize mimi.

Kipanga wa Mwanza
Mzee wa Diski umenigusa kidonda. Nilikuwa nimeapa sitaisimulia hii, lakini basi.

Mimi napiga video za harusi. Nilikuwa na harusi tatu sijazikabidhi, moja ya mtoto wa mchungaji wetu, na kadi za kamera nilishazifuta kwa sababu "ziko kwenye seva". Mfumo siutaji jina. Alhamisi toleo likatoka, Ijumaa usiku nikalipakia. Dakika ishirini, mashine ikawaka, kila kitu kipo. Nikajisifu. Kikengele kikawa cha njano: puli yako (diski zote zikiunganishwa kama moja) ina vipengele vipya vya ZFS, ule mfumo unaopanga mafaili kwenye diski, ipandishe. Nikaona kama ni hatua ya mwisho ya kazi ileile, nikabonyeza.

Jumamosi naanza kuhariri, mtandao unaanguka. Faili kubwa linaanza vizuri, megabaiti 110 kwa sekunde, halafu 40, halafu 3, halafu seva inapotea kabisa kama haijawahi kuwepo. Kadi ya mtandao ya ubaoni ilikuwa haielewani na toleo jipya. Nikasema hakuna shida, si kuna kurudi nyuma? Ule mfumo wa zamani unabaki pale pale, wakati wa kuwasha unauchagua tu. Nikauchagua. Ukawaka vizuri.

Puli haipo.

Diski zote nne zinaonekana, puli hakuna. Nikaingia kwenye skrini nyeusi nikaandika zpool import, amri ya kuiita puli, nikajibiwa kwamba puli ipo lakini inatumia vipengele ambavyo mfumo huu hauvijui. Saa nane usiku hiyo. Mke wangu amelala, mbwa wa jirani anabweka, mimi natoka jasho kwenye viganja. Nikarudi kwenye ukurasa wa kawaida, nikaona zile diski nne zimeorodheshwa kama hazina kazi, na kitufe: tengeneza puli mpya. Wakuu, akili ya saa nane usiku si akili. Niliona ndiyo njia. Nimeshaziwekea tiki zote nne, nimeshaandika jina lilelile la zamani nikidhani itazitambua, mshale uko juu ya kitufe.

Umeme ukakatika.

Kila siku nautukana ule mgao. Siku hiyo nilikaa gizani nikiutukana zaidi, kwa sababu UPS, ile betri ya akiba, nilishamuazima shemeji. Nikampigia ndugu yangu aliye Maskati. Akanisikiliza, akaniuliza kitu kimoja tu: ulibonyeza kuthibitisha? Nikamwambia bado. Akakaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani vocha imeisha.

mtaa_wa_saba
Hii chai. Umeme ukatike sekunde hiyohiyo?

Kipanga wa Mwanza
Kunywa na maandazi mkuu. Mimi nilikuwepo.

Fundi Redio
Chai au si chai, kosa ni lako. Ile arifa ya kupandisha puli inakwambia wazi kwamba hakuna kurudi. Na bakapu ilikuwa wapi? RAID, yaani kuunganisha diski ili moja ikifa data ibaki, si bakapu, tumesema mpaka koo zimekauka.

Swahiba254
Bakapu bakapu, kila mtu hapa ni profesa. Diski nne za giga elfu nne zishanunuliwa kwa jasho, sasa nipate zingine nne niziweke wapi? Kupakia terabaiti kumi mtandaoni na bando gani? Wewe Fundi una nakala ngapi?

Fundi Redio
Moja.

Swahiba254
😂😂 Profesa.

Fundi Redio
Moja ya hati na picha, iko kwa mama yangu kwenye kabati. Filamu zikienda zimeenda. Hiyo ndiyo hesabu, si lazima kila kitu.

MaskatiKwetu
Assalaam aleikum. Ndugu mwenyewe ndiye mie. Sikukaa kimya kwa vocha, nilikuwa nasoma dua. Nilimwambia usiguse kitu, umeme ukirudi washa lile toleo jipya, si la zamani. Puli ikishapandishwa ni toleo jipya tu ndilo linaloisoma, kwa hivyo kurudi nyuma ndiko kulikoificha. Likawaka, puli ikaja yenyewe, harusi zote tatu zimo. Mtandao tukauponya kwa kadi ya Intel ya mtumba. Angethibitisha kile kitufe, zile diski zingeandikwa upya na leo mchungaji angekuwa anawahadithia wajukuu harusi kwa mdomo.

Nawaongezea jengine, maana naona mnagawana, huku wa kale huku wa sasa. Oktoba 2023 ilitoka OpenZFS 2.2.0, programu yenyewe ya hiyo ZFS. Novemba watu wakagundua kuna mafaili yaliyonakiliwa yana matundu, sehemu ya data imegeuka sifuri tupu. Kila mtu akakinyooshea kidole kipengele kipya cha kunakili, ikatoka 2.2.1 kimezimwa. Waliobaki kwenye 2.1 wakacheka sana. Walipochimba, mdudu akaonekana ni wa zamani, yumo hata kwenye 2.1, kile kipya kilimfanya tu ajitokeze kwa urahisi. Marekebisho yakatoka mwisho wa mwezi kwa wote wawili, 2.2.2 na 2.1.14. Sasa yakhe, hapo imara ilikuwa ipi?

Binti Kigamboni
Asante kaka. Nimeipiga picha hii nimtumie mtu wa mpira.

Fundi Redio
Bado nasubiri nukta mbili.

mtaa_wa_saba
Mimi nimehamia TrueNAS 24.10 ilipotoka, ile waliyotupa Kubernetes wakaingiza Docker, vyote vya kuendeshea programu kwenye seva. Nilikuwa na programu mbili tu kwa hiyo sikuumia. Aliyekuwa na ishirini ndiye aseme.

Swahiba254
Aliyekuwa na ishirini hana muda wa kuandika, bado anazipanga.

Mzee wa Diski
Nimesoma yote, asanteni. Kipanga, umenitia homa. Nimepakua faili la mipangilio nimeliweka kwenye flashi, picha na hati nimezinakili kwenye diski ya nje, kesho inasafiri na bibi yao kwenda Tanga. Toleo jipya nitalipakia wiki ya likizo, mchana, umeme ukiwepo, na nimeambiwa na mama watoto kwamba katuni zikigoma nitazichora mwenyewe. Swali moja tu: hiyo arifa ya njano ya kupandisha puli, nisiibonyeze kwa muda gani?

MaskatiKwetu
Mpaka uwe na hakika hutaki kurudi. Wengine mwezi, wengine mwaka. Puli inafanya kazi vilevile bila hiyo.

Kipanga wa Mwanza
Nilinunua mashine ya pili baada ya pale. Hiyo arifa iko pale juu hadi leo, mwaka wa pili sasa. Kijana wangu wa ofisini aliniuliza kwa nini siiondoi, nikamwonyesha mlango.

mtaa_wa_saba
Kuna mtu ana diski ya 8TB iliyotumika kidogo? Niko Temeke.

Fundi Redio
Njoo PM.