Mrejesho: lile neno "merikani" la bibi

Wakuu, niliuliza kwanini bibi yangu hapa Bagamoyo kile kitambaa cha pamba kigumu kisichotiwa rangi anakiita merikani. Kumbe ni Marekani kweli! Karne ya 19 meli za Salem, Massachusetts zilikuwa zinashusha majora Zanzibar, yanavushwa huku, misafara inayabeba bara kama pesa kabisa, ndo ya kulipia hongo (ushuru wa kupita) kwa watemi na kununulia chakula njiani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vikakata pamba, baadae vitambaa vya Bombay vikashika soko ila jina likabaki.

Nilivyomsimulia bibi akapima toka kiwiko mpaka ncha ya kidole, "huu mkono, minne shuka, minane doti". Doti hiyohiyo ya kanga jamani! Asanteni sana mlionielekeza.