Mjadala: Albamu sita za The Clash, kutoka mbovu hadi bora

Nyuzi Sita (mleta mada):
Wakuu, ubishi wa The Clash, bendi ya panki ya London, umekuwa ukijirudia humu, tuumalize leo. Albamu ni sita, nazipanga kuanzia chini kwenda juu. Naangalia nyimbo na namna zilivyorekodiwa. Umaarufu tuuache pembeni.

6. Cut the Crap (1985). Sidhani kama kuna wa kuitetea. Mpiga gitaa Mick Jones keshatimuliwa, mpiga ngoma Topper Headon keshatimuliwa, halafu meneja Bernie Rhodes akajipa kazi ya uprodyuza kwa jina la kubuni, Jose Unidos. Ngoma ni za mashine wakati Pete Howard, mpiga ngoma mpya wa bendi, yupo mzima. Kelele za umati zimebandikwa kwenye viitikio mpaka magitaa yanafunikwa. "This Is England" tu ndiyo inayosimama.

5. Give 'Em Enough Rope (1978). Nyimbo kumi, nzuri tatu. Prodyuza Sandy Pearlman aliwasafisha mno.

4. Combat Rock (1982). Upande A hauna doa. Upande B unasinzia.

3. The Clash (1977). Hasira tupu, sauti kavu, imerekodiwa wikiendi tatu. Ingeshika nafasi ya pili kama si "Police & Thieves", dakika sita za vijana wa London kuiparamia rege ya watu bila kujua inapigwaje.

2. Sandinista! (1980). Sahani tatu, nyimbo 36. Mzigo mkubwa lakini una utajiri.

1. London Calling (1979). Nyimbo 19 na hakuna ya kuruka.

Karibuni.

Besi Nzito:
"Bila kujua inapigwaje"? Mkuu, mengine yote nakubali lakini hapo umechemka. Vaa spika za masikioni, sikiliza mwanzo wa wimbo. Gitaa moja linapiga juu ya pigo lenyewe, la pili linajibu kwenye nusu pigo. Bendi nyingine yoyote ya mwaka ule ingeyaweka magitaa yote mawili kwenye nusu pigo, wakaiga Wajamaika vibaya, tukawacheka. Mick Jones aliyagawa makusudi ili wimbo ubaki wa rege na uwe wa panki kwa wakati mmoja. Aliyepanga vile alijua anachokifanya.

Rasi wa Tanga:
Mleta mada yuko sahihi, na tena kaongea kwa upole. Rege si gitaa. Rege ni ngoma na besi. Katika mpigo wa "one drop" pigo la kwanza unaliacha wazi, teke (ngoma kubwa ya mguu) na snea (ngoma ndogo yenye mlio mkali) vinaangukia pamoja kwenye la tatu. Ule uwazi ndio wimbo. Terry Chimes, mpiga ngoma wa albamu ile ya kwanza, kaujaza wote kwa ngoma ya roki iliyonyooka. Wajamaika wawili, prodyuza Lee Perry na mwimbaji Junior Murvin, waliutengeneza wimbo ule mwaka 1976 ukiwa mwepesi, sauti ya Murvin inaelea juu kama moshi. Hawa wakaugeuza maandamano.

Besi Nzito:
Na ulikuwa wimbo wa maandamano, ndugu. Unahusu polisi na wezi kutishia mtaa mmoja. Uliyapamba majira yale ya joto London, na mwezi wa nane fujo zikalipuka kwenye Kanivali ya Notting Hill, mwimbaji Joe Strummer na mpiga besi Paul Simonon wakiwa humo humo barabarani. Hawakuuokota dukani.

Mama Gramafoni:
Jamani, mada ni kupanga albamu. Mimi niguse namba mbili, maana Sandinista! wengi huisifia bila kuimaliza. Dakika 144 ni nyingi mno. Kazi ya haki ni kuipunguza iwe sahani moja na uone kama bado ni ya pili. Sharti la kwanza ni kila upande usizidi dakika 22 hivi. Ukizidisha hapo mifereji ya santuri inabanwa, sauti inashuka na besi lazima ikatwe, la sivyo sindano inaruka.

Upande A: "The Magnificent Seven", "Something About England", "Rebel Waltz", "Somebody Got Murdered", "One More Time". Jumla kama dakika 20.

Upande B: "Police on My Back", "The Call Up", "Washington Bullets", "Charlie Don't Surf", "Street Parade". Jumla kama dakika 21.

Ukiipanga hivi inaipita London Calling, kwa sababu inaanza na wimbo wa kurap wa mwaka 1980, wakati bendi za Uingereza zilizoigusa hip hop zilikuwa za kuhesabu, na inaendelea mpaka Chile na Nikaragua bila kupoteza mdundo.

Rasi wa Tanga:
Mama Gramafoni, umekata kila kitu cha dabu, yaani rege iliyopunguzwa uimbaji ikabaki ngoma, besi na mwangwi. "One More Dub" hakuna. Upande wa sita wote hakuna. Mikey Dread, prodyuza wa Jamaika, aliwapa shule nzima ya Kingston, wewe umemfukuza darasani. Ndiyo yale yale.

Mama Gramafoni:
Nimekata pia "Mensforth Hill", ambayo ni "Something About England" iliyorudishwa nyuma, na "Career Opportunities" ya watoto. Hizo si za Kingston. Nimekata kilichojirudia.

Drama Kavu:
Mimi limenichoma la Rope kuwa ya tano. Eti nzuri tatu! "Safe European Home", "Tommy Gun", "Stay Free", hizo tayari tatu. "English Civil War" unaiweka wapi? "Last Gang in Town" je? "All the Young Punks"?

Na kuhusu usafi: Pearlman alitoka kwa Blue Öyster Cult, bendi ya roki ya Marekani, alizoea magitaa ya tabaka juu ya tabaka. Kampuni ya rekodi ya CBS ya Marekani ilikataa kuitoa albamu ya kwanza mwaka 1977 kwa madai kwamba sauti ni mbichi, basi safari hii wakamtaka mtu wa kuipika. Kasoro ninayoikubali ni moja: sauti ya Strummer imezikwa chini ya ngoma. Ila sikiliza ngoma zenyewe. Hii ndiyo albamu ya kwanza ya Topper. Kwenye "Tommy Gun" anaijibu gitaa kwa snea, mapigo mafupi mafupi kama risasi, na hayumbi hata mara moja. Pearlman alimwita mashine ya ngoma ya kibinadamu. Linganisha na mashine yenyewe ya 1985 ndipo uone walichotupa.

Nyuzi Sita:
Topper ni mpigaji wa hali ya juu, sijabisha. Lakini ngoma nzuri haziiokoi albamu ambayo mwimbaji hasikiki. Unampa mtu mashairi ayasome kwenye jalada?

Drama Kavu:
Albamu ya kwanza anasikika? Nusu ya "White Riot" kaimeza. Hapo hulalamiki.

Besi Nzito:
Nirudi kwa Rasi. Simonon alipochukuliwa mwaka 1976 hakujua besi kabisa, alipaka herufi za noti kwenye shingo ya gitaa ili ajue aweke wapi vidole. Alijifunza kwa kufuatisha sahani, nyingi za rege, kwa sababu sahani za panki zilikuwa hazijajaa madukani. Kijana wa Brixton yule. Miaka mitatu baadaye anaandika "The Guns of Brixton", na besi ya wimbo ule inabeba kila kitu, magitaa yanakwaruza tu pembeni. Nani kaiparamia rege hapo?

Rasi wa Tanga:
Simonon simgusi. Nawasema Strummer na Jones. Mwishoni mwa 1977 walisafiri kwenda Kingston kutunga nyimbo, Lee Perry hawakumpata, wakajibanza hotelini kwa woga. Simonon, mwenye kuipenda rege kuliko wote, wakamwacha Uingereza. Na kabla ya hapo Perry mwenyewe alikuwa amewatengenezea singo (sahani fupi ya wimbo mmoja) ya "Complete Control" London. Alipomaliza, wakairudia miksi, wakayaleta magitaa mbele na kupunguza mwangwi. Unampata Lee Perry chumbani halafu unapunguza mwangwi?

Drama Kavu:
Rasi, umenisaidia bila kutaka. Hiyo safari ya Kingston ndiyo "Safe European Home", wimbo wa kwanza kabisa wa Rope. Strummer kasimama mbele ya watu kaimba kwamba aliogopa, kwamba alikwenda na ndoto zake za rege akakuta mahali ambapo mzungu hana nafasi, akarudi nyumbani mbio. Hajajificha. Na kauimba kwa roki ya kasi, hakuthubutu kuuweka rege, mpaka mwishoni kabisa unapolegea. Ukitaka albamu ambayo The Clash wanajihoji kuhusu rege, ni hiyo hiyo mliyoitupa ya tano.

Besi Nzito:
Na miezi mitano kabla yake, "(White Man) In Hammersmith Palais", singo ya Juni 1978. Strummer kaenda kwenye onyesho la usiku kucha la wanarege wa Jamaika Dillinger, Leroy Smart na Delroy Wilson, akitarajia rege ya mapambano, akakuta burudani ya kawaida, naye ni miongoni mwa weupe wachache ukumbini. Wimbo unaanza kuicheka ndoto yake mwenyewe, kisha unaigeukia Uingereza na ubaguzi wake. Hapo rege inapigwa inavyotakiwa, taratibu, na Topper anauacha ule uwazi unaoudai.

Kamba ya Nne:
Mbona hamsemi kwamba Bob Marley aliwataja The Clash kwa jina kwenye "Punky Reggae Party", mwaka ule ule 1977, na prodyuza ni Lee Perry? Wenye rege yao waliwakaribisha. Sisi wa huku mbali tunamkasirikia nani kwa niaba ya nani?

Rasi wa Tanga:
Marley aliwakaribisha sherehani, kaka. Hakusema wamepiga vizuri.

Kamba ya Nne:
Na Junior Murvin na Perry waliandikwa kama watunzi kwenye lebo. Ukirudia wimbo wa mtu, haki ya utunzi inabaki kwake, analipwa kwa kila nakala. Wewe unabaki na haki ya rekodi yako tu. Tofautisha kurudia na kuiba.

Rasi wa Tanga:
Sijatamka neno wizi popote. Soma tena. Nimesema ngoma zimejaa mno.

Mama Gramafoni:
Nauliza kwa nia njema: Nyuzi Sita, hiyo albamu ya kwanza umepanga ipi? Maana ziko mbili. Ya Uingereza ya Aprili 1977 ina nyimbo 14. Ya Marekani ya Julai 1979 ina 15. Wameondoa "Deny", "Cheat", "Protex Blue" na "48 Hours", wakaingiza "Clash City Rockers", "Complete Control", "White Man", "I Fought the Law" na "Jail Guitar Doors", na "White Riot" ni ile ya singo. Mtu aliyekulia na ya Marekani anaweza kuiweka ya kwanza kabisa, na hana kosa. Watu humu wanabishana juu ya sahani mbili tofauti.

Nyuzi Sita:
Ya Uingereza. Ya Marekani ni kachumbari, Chimes kwenye wimbo mmoja na Topper kwenye unaofuata. Utasikia chumba kikibadilika kila baada ya dakika tatu.

Drama Kavu:
Naam! Na unapoupenda wimbo wa kachumbari ile, mara nyingi ni ule wenye Topper. Halafu mnaiweka albamu yake ya kwanza chini ya Combat Rock, ambayo Jones aliipika iwe sahani mbili na prodyuza Glyn Johns akaitwa kuikata mpaka dakika 46. "Straight to Hell" ilikuwa karibu dakika saba, ikabaki tano na nusu. Hata "Rock the Casbah" inayoibeba albamu ile mbele ya watu, muziki ni wa Topper: ngoma kapiga yeye, besi yeye, piano yeye. Mei 1982 albamu inatoka, mwezi huo huo wanamfukuza kwa sababu ya heroini. Nani mwingine kwenye bendi ile angeketi peke yake kwenye vyombo vitatu?

Nyuzi Sita:
Ndiyo maana Combat Rock iko juu ya Rope. Umejijibu.

Drama Kavu:
Sijajijibu. Nimesema mchango wa mtu mmoja katika wimbo mmoja. Rope ni bendi nzima.

Besi Nzito:
Rasi, swali moja tu. Kama "Police & Thieves" hapana, ni rege gani ya The Clash unayoikubali?

Rasi wa Tanga:
"Bankrobber" ya 1980, Mikey Dread kwenye mitambo. Ila si singo tupu, naitaka pamoja na dabu yake, "Robber Dub", kama zilivyounganishwa kwenye Black Market Clash. Besi imekaa nyuma ya pigo, kila kitu kina nafasi yake. Na humo humo kuna "Armagideon Time" ya Willie Williams na dabu zake. Hiyo ningeiweka juu ya albamu zote sita.

Nyuzi Sita:
Black Market Clash ni mkusanyiko, mkuu. Sahani ya inchi 10, nyimbo tisa za pande B na mabaki. Haihesabiwi.

Rasi wa Tanga:
Basi na ya Marekani ya 1979 isihesabiwe, nyimbo tano zimetoka kwenye singo.

Nyuzi Sita:
Nimesema sijaihesabu. Nimehesabu ya Uingereza.

Mama Gramafoni:
Lakini Drama Kavu naye kaihesabu juu, na "White Man" ya Besi Nzito haimo kwenye albamu yoyote ya Uingereza kati ya hizo sita. Tukubaliane kwanza singo zinaingia au haziingii. Zikiingia, 1978 si Rope peke yake, ni Rope pamoja na "White Man" na "Clash City Rockers", na nafasi ya tano haipo tena.

Drama Kavu:
Ziingie.

Nyuzi Sita:
Zisiingie. Rope inabaki ya tano.