Tupeane uzoefu: mazoezi ya kuogelea ya alfajiri, nini kinakutoa kitandani?

Mkaa Majini (Arusha)
Wakuu, salaam. Kikundi chetu cha watu wazima kinaingia bwawani saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla ya watu kwenda kazini. Januari tunagombania nafasi. Julai baridi ikikaza, tunabaki wachache.

Mimi hamu siitegemei kabisa, kwa sababu saa kumi na moja haipo. Kazi naimaliza jioni. Begi linakaa mlangoni: taulo, miwani, kofia, nguo za kazini zimekunjwa. Vazi la kuogelea nalala nalo mwilini. Simu naiacha mezani mbali na kitanda, na saa tatu na nusu nimeshalala. Hilo la kulala ndilo wengi wanaliruka, halafu wanasema ni wavivu.

Nikifika sisimami ukingoni kupima maji kwa kidole cha mguu. Naingia, napiga mita 200 taratibu, mwili unachemka. Wenzangu mnafanyaje?

Kocha wa Vijana (Nairobi)
Vijana wangu huwa nawakumbusha Olimpiki ya Beijing 2008. Mwaka ule mchujo wa kuogelea ulikuwa jioni na fainali asubuhi, kinyume na mazoea. Jason Dunford wetu aliweka rekodi ya Olimpiki kwenye mchujo wa mita 100 mtindo wa kipepeo, ingawa haikudumu, kisha akamaliza wa tano fainali. Mwili uliozoea kufanya kazi mapema ni mtaji. Mtoto akielewa anaamka kwa ajili ya nini, huhitaji kumfokea.

Dada wa Pwani (Dar)
Sisi ni wa baharini, kwa hiyo saa yetu inaamuliwa na maji kujaa na kupwa. Yanachelewa kama dakika 50 kila siku, na siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, ukichelewa asubuhi unakuta yameshaanza kutoka na miamba inachungulia. Jioni tunatumiana ujumbe: kesho saa ngapi, nani yupo. Sheria yetu ni moja, hakuna kuogelea peke yako. Nikibaki kitandani, mwenzangu amesimama ufukweni na boya lake mkononi na hawezi kuingia. Hilo linaniinua kuliko kengele yoyote.

Abuu (Mombasa)
Swala ya alfajiri inaniamsha hata hivyo. Nikitoka msikitini naelekea bwawani moja kwa moja, kwa sababu nikipita nyumbani nimekwisha. Ramadhani tunahamishia usiku, baada ya tarawehe.

Mama Wawili (Moshi)
Binti yangu kilichomkatisha tamaa kilikuwa nywele, si usingizi. Alikuwa anakwenda shule zimekauka kama makumbi. Sasa tunazilowesha kwa maji ya bomba na kupaka mafuta kidogo kabla ya kofia, ili zisinywe sana maji ya klorini. Akitoka anasuuza papo hapo, uji uko kwenye chupa ya chai. Tangu hapo ananiamsha yeye.

Mgeni Bwawani
Naanza Jumatatu. Mnakula nini kabla?

Mkaa Majini
Karibu sana! Ndizi moja ukiwa njiani inatosha, chakula kamili baadaye. Beba na maji ya kunywa, maana hata ndani ya bwawa mtu anatoka jasho. Upo Arusha? Nikuwekee nafasi.